Asilimia 15 ya Arlit: waasi wa Niger walipigania nini, na nani alikula?

Tangu mwezi wa sita wa mwaka 2025, wakati serikali ya Niger ilitangaza kama mugodi wa SOMAIR unakuwa mali ya inchi, watu ku kambi wananiulizaka swali moja tu. Ku arusi, ku matanga, hata ku foleni ya maji: "Delege, wale wa Niger walifanya je? Na siye, lini?" Vijana wanaongeza yao. Wanasema kitu kama kile hakikujaka na makaratasi, kinakujaka na bunduki.

Habari ya majenerali wa Niamey, radio inaisema kila siku. Leo nataka kusimulia ingine, yenye ilitangulia. Juu fasi ile ile, kwa ajili ya uranium ile ile, watu walikamata bunduki mwaka 2007, na hawakuwa majenerali. Walijiita Mouvement des Nigériens pour la justice, kwa kifupi MNJ, ni kusema chama cha wana-Niger kwa ajili ya haki. Vita yao ilikamata karibu miaka miwili na nusu. Miye ni mutu wa sendika, siko soda wala mwalimu wa historia. Kile ninatafuta mu habari yao ni kile tunatafutaka mu kila kontra: nani aliomba nini, nani alilipa, nani alipokea.

Arlit ni mji wa mugodi, na mutu wa Kolwezi ao wa Likasi akifika kule atajua haraka fasi gani iko. Mbele ya uranium hakukuwa mji. Kulikuwa mchanga, visima na malisho ya ngamia, magaribi ya milima ya Aïr, kaskazini kabisa ya Niger. Wafaransa walipata uranium pale, na mwaka 1968 sosiete SOMAIR ikazaliwa; ilianza kutosha mali mwaka 1971, mu karieri ya wazi. Kiisha COMINAK ikaundwa mwaka 1974, na mwaka 1978 ikaanza kuchimba chini ya udongo ku Akouta, mu galeri zenye ukiziunga zote zinafika karibu kilometa 250. Hakukuwa mugodi mwengine wa uranium wa chini ya udongo mukubwa kupita ule mu dunia. Sosiete zilijenga nyumba, hospitali, masomo, kama vile Union Minière ilifanya huku kwetu. Ile miji miwili, Arlit na Akokan, ilikuwa inaishi kwa sirene ya mugodi.

Uranium yenyewe, hatuna haja ya kufundishwa. Ile ya Shinkolobwe njo iliingia mu bomu ya Hiroshima mwaka 1945. Wazee wetu walibeba yale majiwe ku mabega bila kuambiwa ni majiwe gani.

Mpaka mwaka 2023, kutoka Arlit unga wa manjano ulikuwa unatiwa mu mapipa, mapipa ku kamio, kamio zilikuwa zinashuka mpaka bandari ya Cotonou, inchi ya Benin, na kutoka pale mali ilikuwa inapanda mashua kwenda Ulaya. Ku Ufaransa ilikuwa inatoa umeme. Ku Niger, watu wengi zaidi mu vijiji hawana umeme mpaka leo. Ule wa mugodi unatoka ku makaa ya mawe yenye inachomwa ku Tchirozérine, karibu na Agadez, tangu mwaka 1981. Yaani hata kule jimboni kwao, waya inapita juu ya vichwa vya watu kwenda ku usini. Munajua hiyo picha. Kutoka Nseke mpaka Kolwezi, ni vijiji ngapi vinalala mu giza chini ya waya?

Sasa, watu wa kule ni nani? Jimbo la Agadez peke yake linapita nusu ya ardhi yote ya Niger, lakini watu ni kidogo: Watuareg kwa wingi, wafugaji wa ngamia na mbuzi, na wakulima wa bustani mu mabonde ya Aïr, wenye wanalima vitunguu, vitunguu saumu, hata machungwa ku Timia. Mji mukuu, Niamey, iko mbali sana ku kusini-magaribi; kwa barabara ni karibu kilometa 1,200 mpaka Arlit. Wakubwa wa serikali hawakutoka ku mchanga ule. Ukame wa miaka ya 1970, na tena ule wa 1984, uliua mifugo yao. Vijana wakabaki mikono mitupu. Wengi walitembea kwenda Algeria na Libya kutafuta kazi, na wengine Kadhafi aliwafundisha bunduki. Wenyewe walijiita ishumar. Ile neno inatoka ku Kifaransa, chômeur, mutu asiye na kazi. Ninapenda wasomaji washike hiyo: jina lenye kizazi kizima cha waasi kilijipa ni neno la sendika.

Mwaka 1990 wengi walirudi kwao, na serikali ikawapokea vibaya. Mwezi wa tano mwaka ule, ku Tchintabaraden, jeshi liliua raia, na mpaka leo watu hawapatani juu ya hesabu ya wafu. Vita ya kwanza ikatoka pale, kutoka 1991 mpaka 1995. Tarehe 24 mwezi wa ine 1995 wakapiga sinyature ya amani ku Niamey. Mu karatasi ile waliahidiwa mambo tunayojua: waasi kuingizwa mu jeshi na mu kazi ya serikali, majimbo na komini kupewa mamlaka, kaskazini kuendelezwa. Wakubwa wamoja walipata viti. Rhissa ag Boula, mukubwa wa waasi, akafika mpaka waziri wa utalii. Wale wadogo, wenye walibeba bunduki mu jua, wengi walirudi ku kukaa chini ya mti.

Kiisha bei ikapanda. Mu miaka ya kwanza ya 2000, uranium ilikuwa kitu cha bure: pauni moja, ni kusema nusu kilo hivi, haikufika dola 10. Katikati ya mwaka 2007 ilipita dola 130. Sosiete za kila rangi zikakimbilia Niger: Wachina ku Azelik, Wafaransa wa Areva ku Imouraren, kilometa 80 hivi kusini ya Arlit, na Wakanada na wengine na vibali vyao vya kutafuta. Siye tuliona kitu kama kile huku na kobalti. Unalala, unaamuka, kilima cha nyuma ya nyumba kiko na mwenyewe. Kule, kile kilichopewa wageni kilikuwa malisho na visima. Mfugaji hana karatasi ya ardhi. Ardhi yake ni njia yenye ngamia wanapita.

Na kulikuwa sheria. Mwezi wa munane mwaka 2006, Niger ilibadilisha sheria ya migodi: mu feza yenye serikali inapata ku migodi, asilimia 85 inabaki ku Niamey na asilimia 15 inarudi ku komini za jimbo lenye mugodi. Musomaji wa Fungurume ao wa Kambove akiona ile 15 atacheka kidogo. Nitairudilia.

Tarehe 8 mwezi wa pili 2007, watu wenye silaha walishambulia kambi ya jeshi ku Iferouane, mji mudogo mu milima ya Aïr. Masoda watatu walikufa. Njo mwanzo wa MNJ. Mukubwa wao alikuwa Aghali ag Alambo, mwenye alikuwa mu vita ya kwanza pia, na kiisha alitumikia serikali mu utawala wa Arlit. Hakuwa mutu wa porini tu. Alijua ofisi inaendaka namna gani. Masoda wamoja waliotoka mu uasi wa zamani na kuingizwa mu jeshi walitoroka wakamufuata. Na walichagua jina la "wana-Niger" kwa makusudi, wakisema haiko vita ya Watuareg peke yao, ni ya kila mutu mwenye serikali ilimusahau.

Madai yao, ukiyasoma polepole, inafanana na kitabu cha madai chenye delege yeyote anaweza kuweka ku meza. Makubaliano ya 1995 itimizwe. Feza ya uranium ibaki ku jimbo kwa kiasi kikubwa zaidi. Watoto wa kule wapewe kazi ku migodi, hapana kazi ya ulinzi na ya kufagia tu. Vibali visitolewe juu ya malisho bila kuuliza wenye kuishi pale. Vumbi na maji ya usini yaangaliwe. Mu mambo ile yote sioni hata moja yenye si ya haki.

Raisi Mamadou Tandja alijibu kwa neno moja: majambazi. Kwake hakukuwa uasi, kulikuwa wauzaji wa madawa ya kulevya na wezi wa njia. Kama mutu ni jambazi, hauongei naye, na hakuongea. Mwezi wa ine 2007 MNJ wakashambulia fasi Areva ilikuwa inatafuta uranium ku Imouraren. Mwezi wa sita, ku Tezirzait, wakaua masoda 15 na kukamata zaidi ya 70. Mwezi wa saba wakakamata mukubwa mumoja wa Kichina wa sosiete ya uranium, wakamwachilia kisha siku chache. Tarehe 24 mwezi wa munane, serikali ikaweka jimbo lote la Agadez mu hali ya hatari: jeshi lingeweza kukamata mutu na kumufunga bila kumupeleka mbele ya muamuzi. Mwandishi wa radio RFI, Moussa Kaka, alitiwa gerezani mwezi wa kenda 2007 kwa kosa la kuongea na waasi ku telefone. Alitoka mwezi wa kumi 2008. Mukizani kazi ya kuuliza maswali ni rahisi, muulizeni yeye.

Hapa magazeti mingi inasimamaka ku hesabu ya vita. Miye nataka tuingie mu nyumba ya mutumikaji.

Mutu wa Arlit, mwaka ule, alikuwa anatumika mu poste yake kama kawaida. Vita haikufunga migodi. Uranium iliendelea kutoka. Kilichofungwa ni maisha ya pembeni. Ile barabara kubwa ya kusini, yenye walijenga juu ya uranium mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa imekwisha kuoza. Sasa kamio na basi zilipita mu konvoi ya jeshi tu, na kungoja konvoi ilikuwa siku na siku. Bei ya mchele na ya mtama inapandaka kwa namna hiyo, tunajua. Mu njia na mu vibarabara vya vijiji walitega mabomu ya ardhi. Serikali ilisema ni MNJ, MNJ ilisema ni serikali. Gari lenye lilikanyaga halikuuliza. Mabomu ile ilifika mpaka Niamey yenyewe: mwezi wa kwanza 2008 mukubwa wa radio moja ya pale alikufa ndani ya gari yake.

Iferouane, karibu watu wote walikimbia. Mabustani ya Aïr ilikauka juu hakukuwa mutu wa kuvuta maji, na vitunguu vyenye vilivunwa havikupata njia ya kwenda soko. Ndege za watalii zenye zilikuwa zinashuka Agadez zilisimama. Wapishi, madereva, wafua-feza, wote wakakaa. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika mwishoni mwa 2007 kama jeshi liliua raia bila hukumu na kuua ngamia zao, na kama mabomu ya waasi yaliua raia pia. Ngamia moja kwa mufugaji, ni sawa na retreti kwa siye. Ukimuulia, umemufuta ku kitabu.

Na ku migodi? Mwezi wa sita 2008 MNJ ilikamata Wafaransa wane wa Areva pale pale Arlit, wakawaachilia kisha siku tatu ine. Fikiria hiyo ku upande wa mutumikaji wa kule. Kwa jeshi, kama uko Mutuareg, uko ndugu ya waasi. Kwa waasi, unatumikia wezi. Mu hali kama hiyo delege gani atasimama kuomba franga ya vumbi? Atasema nini, na nani hatasema ni musaidizi wa MNJ? Vita inafungaka mdomo ya sendika mbele ya kufunga kitu kingine chochote. Tuliiona Katanga. Tarehe 23 mwezi wa tatu 2013, wakati Bakata Katanga waliingia Lubumbashi na mishale na bunduki, watu walikufa mu barabara, na kwa wakati murefu kila mwenye alitamka neno "jimbo letu" mu mukutano aliangaliwa na jicho baya.

Sasa tufike ku hesabu, juu hapa njo pale habari ya Niger inanishangaza mpaka leo.

Mwaka 2007 serikali ya Tandja ilisimama mbele ya watu na kusema Areva inalipa waasi. Areva ilikana. Mwezi wa saba mukubwa wa Areva ku Niger akafukuzwa mu inchi. Muda mufupi kisha pale, wakapatana bei mupya: kilo ya uranium yenye Areva ilikuwa inahesabia franga CFA 27,300 ikapanda mpaka 40,000, na Niger ikapata ruhusa ya kuuza yenyewe tani 300. Ule upeke wenye Wafaransa walikuwa nao kwa karibu miaka 40 ukavunjika. Mu mwezi wa kwanza 2009 wakapiga sinyature ya mugodi mukubwa wa Imouraren: tani 5,000 kila mwaka, waliahidi.

Sisemi kama Tandja hakuwa na haki ya kudai. Bei ile ya zamani ilikuwa aibu. Hata raisi wa kwanza, Diori Hamani, alikuwa anagombana na Wafaransa juu ya bei ya uranium mwaka 1974, na kabla hawajapatana jeshi likamupindua. Lakini muangalie nani alisimama wapi. Wenye walikufa walikuwa ku Aïr. Moto waliuwasha wao, na chungu chenye kilichemka juu yake kilikuwa cha Niamey. Serikali ilitumia vita ya waasi kuvuta bei kwa Wafaransa, na kwa waasi wenyewe haikutoa hata kiti cha kukalia. Kuhusu ile asilimia 15, hawakuipandisha. Komini za kule ziliendelea kulalamika miaka na miaka kama feza inachelewa, ao inakuja nusu.

Mwisho wa vita haukuwa mzuri wa kusimulia. MNJ ilipasuka: wamoja na Rhissa ag Boula wakaunda kundi lao, wengine mu mwezi wa tatu 2009 wakaunda lingine. Kadhafi akawaita wote Libya. Mwezi wa tano 2009 Tandja mwenyewe akaenda Agadez, na mu mwezi wa kumi silaha zikawekwa chini, na musamaha ukatolewa. Feza ya Libya iligawanywa ku wakubwa, na wapiganaji wa chini wakalia kama hawakuona kitu. Karatasi ya namna ile ya 1995, yenye madai moja kwa moja na jibu lake, haikupatikana. Miezi mine baadaye, tarehe 18 mwezi wa pili 2010, jeshi likamupindua Tandja, na ahadi zake zikaenda naye.

Na mlango wenye vita ilifungua haukufungika. Mwezi wa kenda 2010, watu wa Al-Qaida waliingia usiku Arlit na kuiba watu saba, Wafaransa watano, Mutogo mumoja na Mumalagasi mumoja. Wane wa mwisho waliachiliwa mwezi wa kumi 2013. Mwaka ule 2013, mwezi wa tano, gari la bomu lilipasuka ndani ya SOMAIR. Mutumikaji mumoja alikufa na wengine 14 waliumia. Imouraren haikufunguliwa: bei ilianguka kisha Fukushima, na wakaifunga mbele haijazaliwa. Mugodi wa Wachina ku Azelik ulisimama mwaka 2015. Vijana wa Aïr, wapiganaji wa zamani ndani yao, walikimbilia zahabu ku Djado mwaka 2014, wakichimba kwa mikono kama wachimbaji wetu wa Kasulo; mwaka 2017 serikali ikawafukuza pale pia.

Kuwa mukweli: kitu kimoja kilibadilika. Mwaka 2011 raisi mupya, Mahamadou Issoufou, alimupa uwaziri wa kwanza Brigi Rafini, Mutuareg, mwana wa Iferouane yenyewe. Alikaa ku kiti kile miaka kumi. Watu wengi wanasema ile njo ilifanya Niger isiingie tena mu vita wakati Mali, jirani yake, ilikuwa inaungua mwaka 2012. Inawezekana. Komini za kule pia ziliendelea kuwa na wakubwa wao wa kuchaguliwa. Lakini mutu mumoja ku Niamey hana maana ya maji ku bomba.

Ku Arlit kulikuwa mapigano mengine, bila bunduki, na haya hayasikikaki. Mutumikaji wa SOMAIR mwenyewe, Almoustapha Alhacen, mwanzo wa miaka ya 2000 aliunda shirika linaitwa Aghirin'man, ni kusema kulinda nafsi. Aliona wenzake wanakufa na magonjwa yenye monganga wa sosiete hakuyaita jina. Aliona mitraye ya mugodi, mabomba na mabati, inauzwa mu soko ya Arlit, na watu wanatengenezea nyumba na vyungu. Alialika wataalamu huru wa Ufaransa, CRIIRAD. Mwishoni mwa 2003 walifika, na mashini zao za kupima zikakamatwa ku uwanja wa ndege. Walipima na kile walikuwa nacho. Walipata vyuma vyenye mionzi ku soko. Sosiete ilikana, kiisha ikaanza kukusanya vyuma. Mwaka 2009, mwaka ule ule bunduki zinawekwa chini, Areva ilikubali kuunda ofisi ya kufuata afya ya watumikaji, hata wenye waliacha kazi. Ni kazi ya kelele na makaratasi iliyofikisha pale. Sisemi iliisha vizuri: mwaka 2012 shirika la wanasheria Sherpa lilitoka mu mapatano, likisema familia mbili tu zililipwa, na zote mbili za Wafaransa.

Hiyo ilinisumbua sana wakati niliisoma. Mu karieri moja, vumbi moja, na mapafu mawili yenye bei mbali mbali.

Narudi ku 15. Sheria yetu ya migodi ya 2018 inasema redevansi inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta ao shefri yenye mugodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Ni 15 kama ya Niger, lakini kuko tofauti moja kubwa: huku kwetu feza haipiti Kinshasa mbele ya kushuka. Sosiete inalipa kila mumoja ku konti yake. Tena kuna ile asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka kwa maendeleo ya vijiji, na kaye ya madai yenye sosiete inapiga sinyature na watu wa pale. Kile Aghali na watu wake walikwenda kutafuta mlimani na bunduki, ku karatasi siye tunacho.

Basi wakati kijana ananiambia tukamate bunduki kama wale wa Niger, namuuliza maneno tatu. Komini yako ilipokea redevansi ngapi mwaka uliopita? Nani alipiga sinyature ya kuitosha ku banki? Darasa gani ao kisima gani kilijengwa nayo? Bado sijapata kijana mwenye anajibu hata moja, na ku mameya na mashefu wenyewe, wenye wanajibu ni kidogo kupita vidole vya mkono. Kuko mahali feza ile iliingia kweli na ikaliwa na watoto wa hapa hapa, wenye wanaongea Kiswahili na Kisanga kama siye. Bunduki ya kupiga Kinshasa haitafika kwao. Karatasi ya banki inafika. Delege yuko na njia ya kuiomba, na wamama wa kambi, ninawaambia ukweli, wanaiombaka na nguvu kupita siye wanaume.

Ku Niger, sasa wakubwa ni wengine. Majenerali walichukua kibali cha Imouraren mwezi wa sita 2024, wakachukua SOMAIR mwaka mumoja baadaye. Wafaransa, wenye sasa wanaitwa Orano na walikuwa na asilimia 63.4, wakaenda ku waamuzi wa kimataifa. Watu wa Niamey walicheza mu barabara. Nataka kujua wale wa Arlit, kisha ngoma, walipewa karatasi gani ya mushahara.

COMINAK, yeye, ilikufa mbele. Tarehe 31 mwezi wa tatu 2021 ilizima mashini zake, kisha tani 75,000 za uranium. Watumikaji karibu 600 walienda, na 700 hivi wa sutretansi, wenye walikuwa na haki kidogo kupita wale. Nyuma ya Akokan kumebaki mlima wa uchafu wa mugodi, tani milioni 20, na upepo wa jangwa unapita juu yake. Mugodi wa Akouta hautosi tena kitu, basi kwa ule mugodi komini haipati tena asilimia 15.